Bamba Moja, Majibu Mengi: Uchambuzi wa Tatizo la Kwanza la µMAG

Katikati ya miaka ya 1990, kikundi kilichojulikana kwa jina la µMAG, kikiratibiwa na NIST, taasisi ya taifa ya viwango na teknolojia ya Marekani yenye makao yake Gaithersburg katika jimbo la Maryland, kiliwaalika wataalamu wa uigaji wa sumaku kwa kompyuta kukokotoa jambo ambalo kwa juujuu lilionekana dogo, nalo likaitwa Tatizo la Kwanza. Walipewa bamba la mstatili lenye upana wa mikromita 1, urefu wa mikromita 2 na unene wa nanomita 20, lililotengenezwa kwa kitu kinachofanana na permaloi, ambayo ni aloi ya nikeli na chuma. Walitakiwa kuchora kitanzi cha histeresisi cha bamba hilo: uga wa sumaku uanze militesla 50 upande mmoja, ushuke hadi sifuri, upande tena upande wa pili hadi militesla 50, kisha urudi ulikotoka, na katika kila hatua ielezwe ni kiasi gani cha usumaku wa bamba kinaelekea upande wa uga. Kazi hiyo ilipaswa kufanywa mara mbili, kwanza uga ukiwa takriban sambamba na urefu wa bamba, kisha ukiwa takriban sambamba na upana wake.

Hakukuwa na jambo la kubahatisha katika vipimo vya kimaada. Kigezo cha mabadilishano, yaani nguvu inayozifungamanisha atomi jirani, kilikuwa 1.3 × 10⁻¹¹ jouli kwa mita, usumaku wa upeo ulikuwa 8.0 × 10⁵ ampea kwa mita, na anisotropia, yaani upendeleo wa usumaku kulala kwenye mhimili mmoja, ambao hapa ulikuwa sambamba na urefu, ilikuwa jouli 500 kwa mita ya ujazo. Joto halikuhesabiwa, kasoro za fuwele hazikuwapo, na kingo zilikuwa zimenyooka kama zilivyochorwa. Milinganyo yenyewe ilikuwa imeshakomaa: wanafizikia Landau na Lifshitz walikuwa wameandika mlinganyo wa mwendo wa usumaku mwaka 1935, Gilbert aliurekebisha katika miaka ya 1950, na William Fuller Brown aliujenga uwanja mzima wa maikromagnetiki, yaani elimu ya mpangilio wa usumaku ndani ya vipande vidogo vya sumaku, kuwa nadharia kamili kufikia mwaka 1963. Kwa hiyo ingetarajiwa kwamba makundi yenye programu tofauti, yakianza na namba zilezile na milinganyo ileile, yangeleta mikunjo inayolaliana.

Hayakuleta. Majibu yaliwasilishwa bila majina ya wenyewe, kila moja likitambulishwa kwa alama fupi tu, na yalipowekwa pamoja yalitofautiana kwa kiasi ambacho hakuna aliyeweza kukiita kosa dogo la ukokotoaji. Uga wa kugeuza, yaani uga unaohitajika ili wastani wa usumaku ushuke hadi sifuri, ulitofautiana sana kutoka jibu moja hadi jingine, na hata picha za mpangilio wa usumaku pale uga unapokuwa sifuri hazikufanana. Kutotaja majina kulikuwa uamuzi wa busara kwa upande mmoja, kwa sababu kuliondoa fahari za maabara katika mjadala. Kwa upande mwingine, naona kulimnyima msomaji nafasi ya kumuuliza mwenye jibu ni nini hasa alichokifanya, na katika kisa hiki jibu la swali hilo ndilo lenye uzito kuliko namba yenyewe.

Ili kuelewa kilichotokea, yafaa kuangalia nguvu zinazoshindana ndani ya bamba. Mabadilishano huzitaka atomi jirani zielekeze usumaku wao upande mmoja. Anisotropia huutaka usumaku ulale kwenye mhimili mwepesi. Uga wa nje huuvuta upande wake. Nguvu ya nne, ambayo ndiyo inayosumbua, ni uga unaozalishwa na usumaku wa bamba lenyewe: kila mahali usumaku unapokutana na ukingo kwa pembe huzaliwa ncha za sumaku, nazo hurusha uga ndani ya bamba lote, karibu na mbali, ukipinga usumaku uliouzaa.

Namba zilizotolewa zinaonyesha mara moja nani mwenye nguvu. Anisotropia ya jouli 500 kwa mita ya ujazo ni sawa na uga wa militesla 1.25 tu, ilhali usumaku wa upeo, ukigeuzwa kuwa uga, unafikia takriban tesla 1, yaani mara mia nane. Anisotropia basi ni mgeni tu katika bamba hili. Linaloamua ni umbo. Usumaku katikati ya bamba hulala kwa utulivu sambamba na urefu, lakini kwenye kingo mbili fupi za bamba, ambazo hapa naziita ncha zake, hujipinda ili ufuate ukingo na kupunguza ncha za sumaku. Hapa ndipo matatizo yanapoanza, kwa kuwa kujipinda huko kunaweza kufanyika kwa namna zaidi ya moja. Usumaku wa ncha zote mbili ukiinamia upande mmoja, mistari yake hufanana na herufi S. Ncha moja ikiinama huku na nyingine kule, mistari hufanana na herufi C. Nishati za hali hizi mbili zimekaribiana mno, lakini njia zake za kugeuka, uga wa kinyume unapoongezeka, hazifanani hata kidogo. Programu iliyoangukia kwenye S na nyingine iliyoangukia kwenye C zinaweza zote kuwa zimetatua milinganyo kwa usahihi, na bado zikatoa vitanzi viwili tofauti.

Hilo ni chanzo kimoja. Cha pili ni gridi, na hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanaoanza uigaji wa aina hii hupotea hadi leo.

Kompyuta haiwezi kufuatilia kila atomi ya bamba lenye upana wa mikromita 1. Bamba hukatwa katika seli ndogo, na kila seli hupewa mshale mmoja unaowakilisha usumaku wa atomi zake zote. Seli zikiwa za nanomita 50 kwa upande, bamba lina seli 40 kwa 20, jumla 800, hesabu ambayo kompyuta ya katikati ya miaka ya 1990 iliimudu bila shida. Seli zikiwa za nanomita 5, jumla inapanda hadi 80,000. Kwa kuwa uga wa bamba lenyewe huunganisha kila seli na kila nyingine, anayejumlisha jozi moja moja atalazimika kupitia jozi bilioni 6.4 katika kila hatua, na hatua ni maelfu kwa maelfu. Mageuzo ya haraka ya Fourier, njia ya kihisabati ya kukokotoa jumla hiyo bila kupitia jozi moja moja, huipunguza kazi hiyo kwa kiasi kikubwa, lakini kwa mashine za wakati ule kishawishi cha kutumia seli kubwa kilikuwa kikali.

Kipimo cha kuamua kama seli ni kubwa mno ni urefu wa mabadilishano, yaani umbali ambao ndani yake mabadilishano yana nguvu ya kutosha kushindana na uga wa bamba lenyewe. Kwa namba za tatizo hili urefu huo ni takriban nanomita 5.7. Ukichukua kigezo cha mabadilishano na kukigawanya kwa mraba wa upande wa seli, seli ya nanomita 5 inakupa jouli 520,000 kwa mita ya ujazo, kiasi kinacholingana na nishati ya uga wa bamba, ambayo ni takriban jouli 400,000. Fanya hivyo kwa seli ya nanomita 50 na unapata jouli 5,200 tu. Mabadilishano, ambayo katika permaloi halisi huwabana majirani wasiachane, ndani ya gridi ya namna hiyo yamekuwa dhaifu mara mia moja, na seli jirani zinaweza kuelekea zinakotaka.

Hebu tuziangalie seli mbili tu zilizo jirani. Katika programu nyingi za gridi ya mraba, nishati ya mabadilishano kati yake huhesabiwa kwa moja kutoa kosaini ya pembe iliyo kati ya mishale miwili, ilhali nadharia ya maada isiyokatwakatwa inataka nusu ya mraba wa pembe hiyo. Pembe ikiwa nyuzi 30, kanuni hizi mbili zinatofautiana kwa asilimia 2 tu, na hakuna atakayelalamika. Pembe ikifika nyuzi 90, gridi inaipunja nishati kwa asilimia 19. Ikifika nyuzi 180, upungufu unakaribia asilimia 60. Hata hivyo, nishati siyo shida kubwa zaidi. Nguvu ya kuzungusha ambayo seli moja huipa nyingine hufuata saini (sine) ya pembe: huongezeka hadi nyuzi 90, kisha huanza kupungua, na kwenye nyuzi 180 huwa sifuri kabisa. Mishale miwili iliyopingana uso kwa uso, ambayo katika maada halisi ingekuwa chini ya mkazo mkubwa kupita yote, ndani ya kompyuta inakaa kimya kana kwamba imepatana. Ukuta mwembamba unaotenganisha sehemu mbili za usumaku unaopingana unaweza kunaswa kati ya safu mbili za seli na kubaki hapo hadi uga upande kupita kiasi. Uga wa kugeuza unaotokana na hali hiyo unaeleza tabia ya gridi na wala si ya permaloi.

Ndiyo maana OOMMF, programu iliyoandikwa NIST na Michael Donahue na Donald Porter, huweka kwenye jedwali la matokeo safu inayoonyesha pembe kubwa kupita zote kati ya seli jirani. Mimi huisoma safu hiyo kabla ya kuutazama mkunjo wowote, na ninaposoma makala ambayo haisemi lolote kuhusu pembe hizo wala kuhusu kilichotokea seli zilipopunguzwa, naupokea uga wa kugeuza unaotajwa humo kwa tahadhari.

Chanzo cha tatu ni namna uga wa bamba ulivyokokotolewa. Baadhi ya njia huichukulia kila seli kama sumaku moja ya nukta iliyokaa katikati yake. Kwa seli zilizo mbali hilo halina madhara, lakini kwa seli za nanomita 50 kwa upande na unene wa nanomita 20, majirani wa karibu hawaonekani kama nukta hata kidogo. Newell, Williams na Dunlop walichapisha mwaka 1993 fomula kamili za uga wa wastani kati ya visanduku viwili vya mstatili, na programu nyingi za leo zinazotumia gridi ya namna hiyo huzitegemea.

Kuna pia jambo ambalo kwenye karatasi linaonekana kuwa la kiutaratibu tu: programu inajuaje kwamba bamba limetulia katika hatua moja ya uga ili iende hatua inayofuata? Kwa kawaida hupimwa nguvu ya kuzungusha iliyobaki, na ikishuka chini ya kiwango fulani, programu husonga mbele. Lakini pale mpangilio wa usumaku unapokaribia kupoteza uthabiti wake, nguvu hiyo huwa ndogo sana ijapokuwa bamba liko njiani kugeuka. Programu yenye kiwango kilicholegea hutangaza kwamba bamba limetulia, huongeza uga, na huandika uga wa kugeuza ulio mkubwa kuliko ule wa kweli. Kadhalika, uga ukielekezwa sambamba kabisa na mhimili, bila hata sehemu ya nyuzi ya kuupindisha, eneo lolote ambalo usumaku wake unapingana nao moja kwa moja halipati nguvu yoyote ya kuligeuza, na kitakachoamua upande wa kugeukia ni makosa ya kukadiria namba katika tarakimu ya kumi na sita. Neno "takriban" katika maelezo ya tatizo lilikusudiwa kuepusha mkwamo huo, ila lilimwachia kila mtu achague pembe yake.

Ongeza hapo ukubwa wa hatua za uga, ambao kila kundi lilijichagulia, pamoja na uamuzi wa kufuata mwendo wa usumaku kwa wakati au kutafuta tu kiwango cha chini cha nishati. Njia hizi mbili hukubaliana mradi bamba linafuata hali moja inayobadilika polepole. Hali hiyo ikivunjika, bamba hufika njia panda, na kila njia ya ukokotoaji ina tabia yake ya kuchagua. Histeresisi kwa asili yake ni kumbukumbu ya njia iliyopitwa: kosa la chaguo moja kwenye militesla chache halisahihishwi baadaye, bali hubebwa hadi mwisho wa kitanzi.

Kwa hiyo, nikiulizwa ni nani aliyekosea, sisemi kwamba ni waliotuma majibu, ingawa baadhi yao bila shaka walitumia seli kubwa mno. Kosa kubwa lilikuwa katika tatizo lenyewe. Bamba lilikuwa kubwa kwa uwezo wa mashine za wakati ule, urefu wake ukizidi urefu wa mabadilishano zaidi ya mara 300, lilikuwa na hali nyingi zenye nishati zilizokaribiana, na kilichoombwa ni matokeo ya mfululizo wa njia panda. Tatizo la namna hiyo lingeweza kufichua tofauti baina ya programu lakini halikuweza kusema tofauti ilizaliwa wapi. Hata hivyo lilikuwa na faida ambayo tatizo rahisi lisingeileta: liliwalazimisha watu waliokuwa wakichapisha vitanzi kwa kujiamini wakubali kwamba mkunjo laini si ushahidi wa usahihi.

Matatizo yaliyofuata yalitungwa kwa somo hilo. La pili liliondoa anisotropia na kuyafanya yote yategemee uwiano mmoja, wa upana wa chembe na urefu wa mabadilishano, huku uga ukielekezwa kwenye mshazari wa kisanduku ili ulinganifu uvunjwe kwa makusudi. La tatu liliachana na kitanzi na kuuliza swali la nishati tu: mchemraba mdogo wa sumaku unapokuzwa, ni katika ukubwa gani hali ambayo mishale yote inakaribia kuwa sambamba inakuwa na nishati sawa na hali ya mzingo, ambamo mishale huzunguka kitovu? Jibu, takriban urefu wa mabadilishano mara 8.47, linapatikana kwa njia nyingi zisizotegemeana.

La nne ndilo lililokuwa kipimo halisi cha programu. Bamba lilipunguzwa hadi nanomita 500 kwa 125, unene nanomita 3, kwa kigezo cha mabadilishano na usumaku wa upeo vilevile vya Tatizo la Kwanza, bila anisotropia. Seli za nanomita 2.5 kwa upande zinatoa jumla ya 10,000 tu. Hali ya kuanzia haikuachwa kwa bahati: usumaku wote wa bamba ulazimishwe kuelekea upande mmoja kwa uga mkubwa ulioelekezwa kwenye mshazari, kisha uga upunguzwe polepole hadi sifuri, na bamba litabaki katika hali ya S, si C. Ufifishaji wa mwendo, yaani kipimo cha jinsi mzunguko wa usumaku unavyotulia, uliwekwa 0.02. Halafu uga wa kinyume uwashwe ghafla, na jibu linalotakiwa ni mkunjo wa wastani wa usumaku kwa wakati, pamoja na picha ya bamba pale sehemu ya usumaku iliyo sambamba na urefu inapovuka sifuri kwa mara ya kwanza. Kila njia panda ya Tatizo la Kwanza iliyoweza kuzibwa ilizibwa.

Uga wenyewe ulikuwa wa aina mbili. Wa kwanza, wa takriban militesla 25 kwa nyuzi 170 kutoka mhimili mrefu, huigeuza katikati ya bamba upande uleule ambao ncha zake zinageukia, na makundi yaliyotuma majibu, likiwamo la Albuquerque, Miltat na Thiaville wa Orsay nchini Ufaransa, yalipata mikunjo iliyokaribiana sana. Wa pili, wa takriban militesla 36 kwa nyuzi 190, unapindua mambo: ncha zinazunguka upande mmoja na katikati upande wa pili. Kati ya maeneo hayo usumaku hukunjwa katika nafasi finyu, pembe kati ya seli jirani hupanda kwa kasi, na mikunjo ambayo ilikuwa ikienda pamoja mwanzoni huanza kuachana baada ya muda usiofika hata nusu nanosekunde. Ni ugonjwa uleule wa Tatizo la Kwanza, lakini safari hii ukiwa umetengwa, una saa na mahali pake, na mtu akipunguza seli anaweza kuona mkunjo wake ukisogea kuelekea wapi.

Leo programu mpya ya maikromagnetiki haichukuliwi kwa uzito kabla ya kuonyesha jibu lake la Tatizo la Nne. mumax3 ya Chuo Kikuu cha Ghent nchini Ubelgiji, iliyoelezwa katika makala ya mwaka 2014 na inayofanya hesabu zake kwenye kadi ya michoro, hulimaliza kwa muda mfupi kwenye kompyuta ya kawaida. Tatizo la Kwanza nalo sasa liko ndani ya uwezo wa mwanafunzi yeyote mwenye kompyuta mpakato na subira kidogo, na ningemshauri alijaribu kabla ya la Nne: kwa seli za nanomita 50, kisha 20, kisha 10, kisha 5, uga ukipindishwa nyuzi 1, halafu arudie kwa nyuzi 2.

Pana tahadhari moja ambayo kukubaliana kwa majibu huifunika. OOMMF na mumax3 zote hukata bamba katika visanduku vya mstatili na hutumia mageuzo ya Fourier, kwa hiyo zikikosea kwa sababu ya gridi zitakosea pamoja. Mashahidi walio huru zaidi ni programu zinazotumia elementi za ukomo, kama Nmag ya Chuo Kikuu cha Southampton, ambazo hukata maada katika piramidi ndogo za pande nne na kuukokotoa uga wa bamba kwa njia nyingine kabisa. Na mashahidi wote hao, wakikubaliana hadi tarakimu ya tatu, wanakuwa wamethibitisha kwamba milinganyo imetatuliwa sawasawa kwa bamba lisilo na joto wala makovu kwenye kingo. Bamba halisi la permaloi lililochongwa maabara, ambalo kingo zake zina makwaruzo ya nanomita kadhaa na ambalo atomi zake zinatetemeka kwa joto la chumba, hugeuka kwenye uga unaotegemea makwaruzo hayo na joto hilo, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoandikwa katika maelezo ya matatizo haya.